Mtandamboo au msunguti? Kuhusu matunda ya zambarau yaliyoletwa nyumbani kwenye kopo

"Habari za kazi, mtaalamu. Ninaishi pembezoni mwa Arusha, upande wa Ngaramtoni. Jumamosi mwanangu wa miaka minane alirudi kutoka kuchunga mbuzi na binamu zake, mdomo wote una rangi ya zambarau, na mkononi ana kopo la matunda madogo ya porini. Mama mkwe wangu, ambaye amekulia Monduli, alisema ni olamuriaki, akala mawili matatu. Jirani akaja, akatazama kopo, akasema hayo ni olmorijoi, mti wa sumu ya mishale, akaniambia nimnyweshe mtoto maziwa na kumtapisha upesi. Maziwa nilimpa, kumtapisha nikashindwa. Leo ni siku ya tano, mtoto ni mzima, lakini mimi sijalala vizuri. Nimeambiwa pia kwamba tunda linaloliwa na ndege halina sumu, na kwamba mti wowote wenye utomvu mweupe ni sumu. Nyuma ya uzio wa shule yao kuna kichaka ambacho ni kimojawapo kati ya hivyo viwili. Nitavitofautishaje? Tukikate? Na mama mkwe huchemsha mizizi ya olamuriaki kwenye supu ya mifupa. Je, niendelee kuinywa?"

Mama, nianze na jambo linalokunyima usingizi. Sumu ya mti ule jirani aliouogopa, ikiingia tumboni kwa kiasi cha kudhuru, hujionyesha ndani ya saa chache. Mtoto aliyemaliza siku tano akila, akicheza na kulala vizuri hana tena cha kuogopa kutokana na matunda ya Jumamosi, wala bibi yake. Sumu hii haijifichi mwilini ikaja kuibuka baada ya wiki. Nakuomba tu usiuchukue uzima wao kuwa ushahidi kwamba matunda yale yalikuwa ya aina fulani, kwa sababu kopo lenyewe halipo tena na hakuna awezaye kulihukumu kwa kumbukumbu.

Mama mkwe na jirani wote wawili walizungumza kwa ujuzi. Miti yote miwili ipo kwenye miteremko mikavu inayozunguka Meru na Monduli, na mara nyingine huota kwenye kichaka kimoja. Ule unaoliwa ni mtandamboo, ambao Wamaasai na Waarusha huuita olamuriaki. Jina lake la kitaalamu ni Carissa spinarum, ingawa vitabu vingi vya zamani vimeuandika Carissa edulis. Ule wa mishale ni msunguti, yaani olmorijoi, Acokanthera schimperi. Ni ndugu wa familia moja ya mimea, Apocynaceae, familia ambayo ndani yake yumo pia olianda anayepandwa kwenye bustani nyingi za Arusha na Moshi, pamoja na ule mti wa ua wenye maua ya manjano yenye umbo la kengele. Wote hao wawili wa bustanini wana sumu ya moyo ya jamii ileile ya msunguti, na nasikitika kwamba watu huuogopa mti wa porini huku watoto wao wakicheza na mbegu za mti uliopandwa mbele ya dirisha la sebule.

Kwa kuwa ni ndugu, wanafanana kwa mambo ambayo jicho huyaona kwanza. Ninapoandika nina tawi la kila mmoja juu ya meza yangu. Yote mawili yana majani ya kijani kibichi yanayong'aa, yaliyopangwa mawili mawili yakitazamana. Yote mawili huzaa maua madogo meupe yenye wekundu wa waridi, yenye ncha tano na harufu nzuri inayokaribia ya asumini. Nimelivunja jani la mtandamboo kwenye kikonyo, likatoa tone la utomvu mweupe; nimelivunja la msunguti, likatoa tone kama hilo. Nikiyaweka matone hayo mawili kwenye kipande cha kioo na kukugeuzia, hutaweza kuniambia lipi limetoka wapi, wala mimi sitaweza. Kwa hiyo ile kanuni ya utomvu mweupe haikusaidii hapa. Ingekufanya uukatae mtandamboo bila sababu, na siku nyingine ingekufanya uuamini mti wenye utomvu usio na rangi ambao huenda nao ni hatari.

Tofauti kubwa imo kwenye miiba. Tawi la mtandamboo nililonalo limebeba miiba iliyonyooka, migumu, inayotoka pale majani yanapoungana na tawi. Mrefu kuliko yote unakaribia sentimita 4, na umekwisha kunichoma kidole wakati nikiandaa jibu hili. Msunguti hauna mwiba hata mmoja, tangu ukiwa mche hadi unapokuwa mti wa mita 5 au zaidi wenye gome la kahawia lililopasukapasuka. Majani yake ni mazito zaidi, magumu kama ngozi iliyokauka, na mara nyingi ncha yake imechongoka kiasi cha kuisikia kidoleni. Usiihesabu ncha hiyo kuwa mwiba, kwa maana iko kwenye jani, haiko kwenye tawi. Tazama pia maua yanapokaa. Ya mtandamboo hukusanyika zaidi kwenye ncha za matawi, na ya msunguti hujibana katika makwapa ya majani, yakizunguka tawi kwa vishada vilivyosongamana.

Sasa tuje kwenye kopo, ambako shida yenu ilianzia. Tunda likishachumwa, miiba imebaki porini. Tunda la mtandamboo ni dogo, karibu na ukubwa wa njegere iliyonona, la mviringo, huanza kijani, likawa jekundu, kisha zambarau iliyokolea hadi kukaribia weusi. Tunda la msunguti likikomaa huwa kubwa zaidi na lenye urefu kidogo, linaweza kufika sentimita 2 au zaidi, umbo lake likikukumbusha zambarau ndogo tunazouziwa sokoni, na rangi zake hupita katika mpangilio uleule. Ukilipasua, la mtandamboo kwa kawaida lina mbegu mbili hadi nne zilizo bapa, na la msunguti lina moja au mbili zilizonenepa. Mimi nazijua tofauti hizo kwa kazi yangu, na bado nisingekubali kula tunda lililotolewa kwenye kopo kwa kutegemea tofauti hizo peke yake, kwa sababu tunda la msunguti ambalo halijakomaa huwa dogo, watoto huchuma mchanganyiko kutoka vichaka viwili vilivyoshikana, na tunda la kijani la msunguti ndilo lenye sumu kali kuliko lililoiva. Utasikia wazee wakisema kwamba tunda la msunguti lililoiva kabisa lina utamu na kwamba watu wamelila wakati wa njaa. Ni kweli limeliwa. Lakini kati ya lililoiva kabisa na linaloelekea kuiva hakuna mpaka ambao mtoto wa miaka minane anaweza kuuona, na ulimi wake haupaswi kuwa kipimo.

Ndiyo maana kanuni ninayoifundisha ni moja: anayekula ndiye achume, na achume pale tu anapouona mwiba kwa macho yake kwenye tawi lenye tunda hilohilo. Matunda yaliyokwisha kuchumwa na mtu mwingine, asiyaonje.

Ili uelewe kwa nini nasisitiza hivyo, nikueleze sumu yenyewe inavyofanya kazi. Kila chembe hai, yaani seli, ya moyo ina pampu ndogo nyingi kwenye utando wake, ambazo kazi yake ni kuitoa nje sodiamu na kuiingiza ndani potasiamu, tatu zikitoka kwa kila mbili zinazoingia. Mdenmaki Jens Christian Skou aliieleza pampu hiyo mwaka 1957, na mwaka 1997 akapewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi hiyo. Sumu kuu ya msunguti huitwa uabaini, jina lililotokana na neno la Kisomali waabaayo, yaani sumu ya mishale. Mfaransa Léon-Albert Arnaud aliitenga mwaka 1888. Uabaini huikamata pampu ile na kuisimamisha. Sodiamu inajazana ndani ya chembe, kalsiamu nayo inakosa njia ya kutoka, na moyo unaanza kujikaza kwa nguvu isiyo na utaratibu: unapiga polepole, unaruka mapigo, kisha unaweza kupoteza mwendo kabisa. Dawa ya moyo iitwayo digoksini hufanya kazi kwa njia hiyohiyo, kwa kipimo kidogo kinachosimamiwa na daktari. Kwa hiyo mzee anayemeza digoksini yuko katika hatari kubwa zaidi akila tunda au mzizi wa msunguti, kwa kuwa mizigo miwili inaangukia pampu moja.

Jirani yako huenda amesikia pia kwamba sumu ya mishale haimdhuru anayeila, kwa kuwa wawindaji walikula nyama ya mnyama waliyempiga. Hilo lina ukweli wa nusu. Wawindaji walichemsha magome na mbao kwa muda mrefu hadi wakapata lami nyeusi, wakaipaka kwenye ncha ya mshale, na ikaingia moja kwa moja kwenye damu, mahali inapoua upesi sana. Tumbo huifyonza uabaini kwa shida, na ndiyo sababu nyama iliyoondolewa sehemu ya jeraha na kupikwa iliweza kuliwa. Lakini kufyonza kwa shida hakumaanishi kutofyonza, na mti una kemikali nyingine za jamii hiyo zaidi ya uabaini. Kwa sababu hiyohiyo usitumie vijiti vya msunguti kuchomea mishikaki wala kuvichanganya na kuni za jikoni, na mwenye kidonda mkononi asishike utomvu wake.

Kuhusu ndege, nitakaa kidogo, maana kanuni hii nimeisikia Arusha, nimeisikia Moshi, na watu wanaiamini kwa moyo wote. Mwili wa ndege na wa mbuzi haupokei kila sumu kama mwili wa mtu, na ndege wengi huimeza mbegu nzima bila kuitafuna, ikapita. Yuko hapa Afrika Mashariki panya mkubwa mwenye manyoya marefu, Lophiomys imhausi, anayetafuna magome ya msunguti na kujipaka mate yake yenye sumu kwenye nywele maalumu za ubavuni, ambazo zimeumbwa kama utambi wa kunyonya. Watafiti walilieleza jambo hilo mwaka 2011. Mbwa akimng'ata panya huyo huugua vibaya na anaweza kufa, hali panya mwenyewe, aliyeitafuna sumu ile mdomoni, anaendelea na maisha yake. Ukimwona mnyama anakula kitu, umejifunza habari ya mnyama huyo tu.

Maziwa uliyompa mtoto hayakumdhuru, ila hayaizimi sumu ya namna hii. Ubaya wake ni kwamba humpa mzazi utulivu wa uongo, akakaa nyumbani saa mbili akisubiri maziwa yafanye kazi. Kumtapisha ulishindwa, nami nashukuru ulishindwa. Mtoto anayetapishwa kwa nguvu anaweza kuvuta matapishi mapafuni, na tena kutapika ni mojawapo ya dalili za kwanza za sumu yenyewe, kwa hiyo ukimtapisha umemwondolea daktari alama muhimu ya kumwongoza.

Ikitokea tena, fanya hivi. Mtoto akiwa amekula tunda usilolijua, au lile mnalolibishania, mwondolee mabaki mdomoni, msafishe kwa maji, na nendeni kituo cha afya kilicho karibu wakati huohuo, hata kama hana dalili. Bebeni tawi lenye majani na matunda, likiwa limefungwa kwenye mfuko, na kumbukeni saa aliyokula. Akiwa na kichefuchefu, kutapika, maumivu ya tumbo, kuharisha, kizunguzungu, ulegevu, kuona rangi za vitu zimegeuka kuwa za manjano, au mapigo ya moyo yaliyo ya polepole au yanayorukaruka, msipoteze muda kujadili jina la mti. Kituo kidogo kitawapa rufaa. Kwa Arusha ni hospitali ya rufaa ya mkoa ya Mount Meru, na kwa walio Moshi ni Mawenzi au KCMC. Huko watampima umeme wa moyo na kiasi cha potasiamu kwenye damu, watamkalisha chini ya uangalizi kwa saa kadhaa, na wanaweza kumpa mkaa maalumu wa hospitali ikiwa amewahi. Mkaa wa jikoni haufanyi kazi hiyo. Moyo ukipiga polepole mno kuna sindano ya atropini. Ipo pia dawa ya kuinasa sumu yenyewe, iliyotengenezwa kwa ajili ya waliozidisha digoksini, ambayo ni ghali na hupatikana kwa nadra, na hiyo ni sababu nyingine ya kufika mapema.

Sasa supu. Kuchemsha mizizi ya olamuriaki pamoja na mifupa ni desturi ya muda mrefu kwa Wamaasai, na simwoni mama mkwe wako kuwa mtu wa kukemewa. Mti huu una historia nzito hapa mkoani kwetu. Mwaka 2011, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyejulikana kote kama Babu wa Loliondo, aliwanywesha maelfu kwa maelfu ya watu kikombe kimoja kimoja kwa shilingi 500 pale Samunge, na dawa yake ilitoka kwenye mti aliouita mugariga, ambao ndio huu mtandamboo. Watu walilala barabarani siku nyingi wakingoja zamu. Sitaki kuwadhihaki waliokwenda. Wengi walikwenda kwa sababu ya maumivu yasiyokwisha. Ila niseme wazi kwamba haikuthibitika kitaalamu kuwa kikombe kile kinaponya UKIMWI, kisukari wala shinikizo la damu, na anayeacha dawa zake kwa ajili ya mzizi huu anaiweka roho yake rehani.

Shida ya mzizi ni kwamba hauna miiba. Ukishachimbwa, ukakatwakatwa na kukaushwa, ule wa mtandamboo na ule wa msunguti ni vipande vya mti tu. Kwa hiyo kama mama mkwe anachimba mwenyewe, kwenye kichaka anachokijua, akiwa ameiona miiba na kuufuata mzizi hadi shinani, sioni sababu ya wewe kukataa bakuli la supu yake mara moja moja. Mizizi iliyokaushwa inayouzwa kwenye mafungu barabarani mimi siinunui, na nakushauri usiinunue. Ukiwa mjamzito, au ukiwa na mtu nyumbani anayetumia dawa za moyo au za presha, muulizeni kwanza daktari wake na supu ipikwe bila mzizi huo, kwa maana hata mzizi halali wa mtandamboo una kemikali zenye nguvu ambazo jikoni hazipimwi.

Limebaki suala la kichaka cha shule. Kama ni mtandamboo, kiacheni. Ni ua mzuri kuliko waya: mbuzi na wezi hawaupiti kwa urahisi, nyuki wanaupenda, na watoto wanapata tunda. Kama ni msunguti, maoni yangu yanategemea ni watoto gani wanaokifikia. Porini ni mti wa asili wenye haki ya kuwa pale ulipo, na nisingependa kusikia kwamba kijiji kimefyeka misunguti yote ya kilimani kwa hofu. Karibu na darasa la awali, ambako mtoto bado anatia kila kitu mdomoni, ningeuondoa bila kusita. Unaweza kubishana nami kwamba kuwafundisha watoto ni bora kuliko kukata, na kwa watoto wakubwa nakubaliana nawe kabisa, kwa sababu hao watakutana nao tena wakichunga. Lakini wa miaka mitano husahau somo la asubuhi kabla ya mchana. Anayeukata avae glavu na mikono mirefu, asiuchome moto penye watu, na matawi pamoja na matunda yafukiwe mahali ambapo mifugo haifiki.

Kabla ya kuamua lolote, hakikisheni ni mti gani, na kwa bahati njema mnaishi mahali pazuri kwa jambo hilo. Hapo hapo Ngaramtoni ipo Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, ambayo wenyeji wengi bado wanaiita TPRI, na ndani yake kuna heberiamu ya taifa, hazina ya mimea iliyokaushwa ambako watu waliosomea kazi hii hulinganisha tawi lako na sampuli zilizohifadhiwa. Mwombe mwalimu akate kwa glavu tawi la urefu wa mkono lenye majani, na maua au matunda kama yapo, alilaze kati ya kurasa za gazeti na kuweka kitu kizito juu yake, kisha aandike pembeni tarehe, mahali lilipokatwa, urefu wa mti, na kama shina lina miiba au halina. Kama mama mkwe ana nafasi, aende naye. Anazijua sura za miti hii tangu utotoni, na wale wa heberiamu watafurahi kumsikiliza.